Neno "Mind" na Mzigo Uliotwikwa "Akili"

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayompotosha mfasiri wa Kiswahili, yako yale yasiyoonekana kuwa magumu hata kidogo. Istilahi ya kisayansi humfanya mfasiri asite, atafute na kuuliza. Neno la kila siku humpita bila kuchunguzwa. "Mind" ni mojawapo ya maneno hayo. Mwanafunzi hufundishwa mapema kwamba maana yake ni "akili", naye huichukua fasiri hiyo mpaka chuo kikuu, mpaka chumba cha habari, mpaka kwenye meza ya watunga sera. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ulinganifu huo ni wa sehemu ndogo tu. Kwamba Kiswahili kimezigawa kazi za neno hilo kwa utaratibu wake chenyewe. Na kwamba kuilazimisha "akili" izibebe kazi zote kumeleta hasara katika nahau, katika adabu ya mazungumzo, na hata katika mambo mazito kuliko hayo.

Yafaa kwanza kutaja kuwa neno lenyewe halikuanza na maana ya akili. Katika Kiingereza cha kale umbo lake, "gemynd", lilihusu kumbukumbu, na mabaki ya maana hiyo yangali hai katika semi kama "bear in mind" na "time out of mind", na pia katika kitenzi "remind". Huko Scotland mpaka leo wako wasemao "mind" kwa maana ya kukumbuka tu. Kitenzi hicho kilitoka katika kukumbuka kikaingia katika kuzingatia. Kutoka kuzingatia kikafika kwenye kutunza, kama inavyosemwa "mind the baby". Kisha kwenye kutahadhari, kama lilivyo onyo la "mind the gap" lililoanza kusikika katika vituo vya treni za chini ya ardhi jijini London mwaka 1968. Hatimaye kikawa na maana ya kujali, na ya kuchukizwa. Nomino nayo ilienea vivyo hivyo: ikabeba mahali pa fikra, uamuzi, rai, na uzima wa akili. Kwa hiyo "mind" ni jina moja la ukoo mzima, na si lazima watu wa ukoo huo wafanane.

Ushahidi wa jambo hili umo katika kitabu ambacho Waswahili wengi wanakifahamu. Tafsiri ya Kiingereza ya Biblia iliyoidhinishwa na Mfalme James mwaka 1611 inatumia "mind" katika Mathayo 22:37, katika Warumi 12:2 na katika Wafilipi 2:5. Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyochapishwa mwaka 1952, ina "akili" katika aya ya kwanza tu. Katika mbili nyingine ina "nia". Asili ya Kigiriki nayo ina maneno matatu: "dianoia" kwa Mathayo, "nous" kwa Warumi, na kitenzi "phroneo" kwa Wafilipi. Kiingereza ndicho kilichoyakusanya matatu hayo chini ya jina moja. Wafasiri wa Kiswahili hawakujifunga na mkusanyo huo. Walitenganisha uwezo wa kufahamu na mwelekeo wa mtu katika maisha yake. Ni uamuzi wa busara, na inasikitisha kwamba mfano wake haufuatwi na wengi wanaofasiri habari za kidunia.

Basi Kiswahili kinagawaje? Tazama kwanza viambatani vya "akili". Mtu hutumia akili, huongezewa akili, hupungukiwa na akili, humtia mwenziwe akili. Methali husema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na hapo wingi wa "zake" unaonyesha kuwa akili huhesabiwa kama mali au zana. Ni kipawa cha kupambanua, ambacho mtu husifiwa kwa kuwa nacho na hutukanwa kwa kukikosa. Mahali pa siri pa kufikiria ni kwingine. Katika hekaya za kale, mhusika anayewaza bila kutamka husema moyoni mwake au na nafsi yake. Uamuzi nao ni wa "nia" na "shauri". Rai ni ya "fikra" na "mawazo". Umbo "akilini" lipo, lakini lina kazi yake maalumu. Asemaye "jambo hili haliniingii akilini" hasemi kwamba hakulifikiria. Amelifikiria, akaona kuwa halina mantiki. Akilini huingia lililo la busara. Moyoni hukaa lililofichwa.

Mfasiri asiyeupima mgawanyo huu huandika Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili. Anayetaka kusema "keep in mind" huandika "weka katika akili", ilhali lugha ina "zingatia" na "tia maanani". "Change one's mind" huwa "kubadili akili", usemi unaomfanya msikilizaji adhani mtu amerukwa, wakati ambapo "kughairi" na "kubadili nia" yapo. "It slipped my mind" huwa "liliteleza kutoka akilini mwangu", na neno moja la "nimepitiwa" lingetosha. "Make up your mind" ni kukata shauri. "Speak your mind" ni kusema la moyoni au kutoa dukuduku. Katika orodha hii yote, ni "out of his mind" peke yake unaoelekea kwa haki upande wa "akili", maana Mswahili naye husema fulani amerukwa na akili. Moja katika sita si msingi wa kujengea ulinganifu.

Kitenzi kimeleta tatizo la adabu. Siku hizi imezoeleka kusema "kama hutajali" kwa kuiga "if you don't mind". Lakini "kujali" kwa Kiswahili ni kustahi na kutilia uzito. Mtu asiyejali ni mpuuzi au mfidhuli. "Hajali" ni lawama. Kijana amwombaye mzee wake fadhili huku akisema "kama hutajali" anaweka sharti kwamba mzee huyo asitilie uzito, kinyume kabisa cha heshima anayoikusudia. Lugha haikupungukiwa na njia za kuomba: "uniwie radhi", "kwa hisani yako", "kama si taabu kwako", "ukipenda". Kila mojawapo humpa mwombwaji nafasi ya juu. Ajabu ni kwamba lugha ya mitaani, iliyolikopa neno zima likawa "kumaindi", imefanya kazi safi zaidi. Nchini Tanzania aliyemaindi ni aliyekasirika. Maana moja imechaguliwa, nyingine zikaachwa, na hapana aliyepotoshwa.

Hasara huwa kubwa zaidi katika hoja za utamaduni. Mwaka 1986 Ngugi wa Thiong'o alichapisha Decolonising the Mind, kitabu kilichotokana na mihadhara aliyoitoa Auckland mwaka 1984, na ambamo aliagana na Kiingereza kama chombo cha uandishi wake. Anayekitaja kwa Kiswahili akasema "kuondoa ukoloni akilini" anaelekea kuidhoofisha hoja. Waliotawaliwa hawakupungukiwa na akili. Wengi wao walizitumia akili zao kwa ustadi mkubwa katika lugha ya mtawala. Kilichotekwa, kwa mujibu wa hoja ya kitabu, ni namna ya kujitazama: kumbukumbu ya jamii, thamani yake machoni pake yenyewe, picha ya dunia inayobebwa na lugha ya mama. Kwa jambo hilo Kiswahili kina neno lililokomaa, nalo ni "kasumba". Kasumba ni aina ya afyuni, na katika usemi wa siasa ikawa ulevi wa kumwona mgeni kuwa bora kuliko nafsi yako. "Kuondoa kasumba ya ukoloni" ni fasiri isiyo na neno lolote linalolingana na "mind", na bado ndiyo inayoikaribia zaidi maana ya jina hilo.

Eneo la mwisho ni la tiba. Kenya ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, iliyorekebishwa mwaka 2022, na istilahi "afya ya akili" na "ugonjwa wa akili" zimeenea redioni na hospitalini. Kwa Kiingereza, neno linalofasiriwa hapo hujumuisha hisia, huzuni na hofu pamoja na ufahamu. Kwa Kiswahili, anayeambiwa kuwa akili yake ni gonjwa husikia kwamba amepoteza kile kinachomtofautisha na mwendawazimu. Mama aliyefiwa na mwanawe, asiyelala wala kula, akili zake ni timamu. Moyo ndio uliovunjika. Akielezwa kwamba anahitaji tiba ya akili, si ajabu akikataa kwenda, hasa katika jiji ambamo jina la Mathari, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1910 kuwa makao ya wendawazimu, limegeuzwa kuwa tusi. Aibu ya maradhi haya haikuletwa na tafsiri peke yake, lakini tafsiri imeipa aibu hiyo maneno ya kusemea.

Yaweza kujibiwa kwamba maana za maneno hupanuka, na kwamba "akili", neno lililotoka Kiarabu, limekwisha kupanuka mara nyingi. Jibu hilo ni la haki. Istilahi iliyokwisha kuingia katika sheria haing'olewi kwa makala, wala hakuna sababu ya kuing'oa. Hata hivyo, upanuzi huchukua muda, na wakati huo wote msikilizaji husikia maana aliyoizoea. Daktari na mtangazaji wanaweza kuitaja "afya ya akili" kwa jina lake rasmi, kisha wakaendelea kuzungumza na wagonjwa kwa "moyo", "nafsi" na "sonona", neno ambalo tayari linatumika kwa huzuni nzito iliyo ugonjwa.

Walimu wa tafsiri nao wana kazi iliyo wazi. Wanafunzi wasipewe "akili" kuwa jibu la "mind". Wapewe sentensi, waulizwe ni kumbukumbu, nia, rai, moyo au kipawa cha kupambanua kinachosemwa, ndipo watafute neno. Watunga kamusi nao waianze ingizo hiyo kwa kuzitenga kazi hizo, na waiweke "akili" katika nafasi yake, ambayo ni ya heshima lakini ni moja tu kati ya nyingi.