Taruma Moja, Dakika Saba

Siku ya kwanza pale Nungwi nilirudi na picha za saa mbili, na filamu sikuwa nayo. Picha zenyewe zilikuwa nzuri: machweo nyuma ya mlingoti, watoto wakiogelea, tezo ikichonga, mashua zimeegama maji yalipotoka. Nilikwenda kutengeneza dokumentari yangu ya kwanza, juu ya waunda vyombo wa ncha ile ya kaskazini ya Unguja, na vifaa vyangu vilikuwa simu mbili, stendi na maiki ndogo ya kubana shatini. Kibali ninacho, sheha keshaniona, fundi keshakubali. Nilichokosa ni swali.

Fundi ndiye aliyenipa. Asubuhi ya pili, baada ya shikamoo, alinitazama nikiisogeza simu kwenye tezo yake kwa mara ya kumi, akasema, "Mwanangu, mikono yangu umeipiga picha jana kutwa. Mbona huniulizi taruma langu liko wapi?"

Taruma ni ubavu wa chombo, ule mti uliopinda unaozishika mbao kwa ndani. Fundi halipindi yeye. Hutafuta tawi lililojikunja lenyewe mtini, kwa sababu nyuzi za mti zikifuata mkunjo, taruma linahimili mawimbi. Ukilichonga kutoka gogo lililonyooka, litapasuka palepale nyuzi zilipokatwa. Kila sehemu ya tumbo la mashua ina mkunjo wake, na tawi lenye mkunjo alioutaka fundi huyu alikuwa amelitafuta wiki tatu. Kazi nzima ilisimama ikilingoja.

Hapo nikaandika daftarini sentensi ambayo ilinipasa kutoka nayo nyumbani: fundi anatafuta tawi lililopinda, na asipolipata mashua haiendelei. Ndani yake yumo mtu, kimo anachokitaka, kimo kinachomzuia. Kila picha niliyopiga baadaye niliipima kwa sentensi hiyo. Yale machweo hayakupita.

Kosa hili la kupiga picha bila swali ni la zamani kama dokumentari yenyewe. Robert Flaherty, Mmarekani, alirekodi maisha ya Wainuit kaskazini mwa Kanada miaka ya 1910. Mwaka 1916 akiwa Toronto, sigara iliziteketeza negativu zake, futi 30,000 hivi. Alibaki na nakala moja ya kuonyeshea, akaonyesha watu, na mwenyewe alikiri kwamba ilichosha: tukio hapa, tukio pale, hakuna uzi. Aliporudi upande wa Ghuba ya Hudson mwaka 1920 alimfuata mwindaji mmoja na watu walioonyeshwa kama familia yake. Filamu iliyozaliwa, Nanook of the North, ilitoka mwaka 1922 na bado inaonyeshwa. Walikuwa Wainuit tena, na theluji tena. Kilichobadilika ni kwamba safari hii alijua anamfuata nani.

Uzi ukishapatikana, kupanga hakuchukui muda. Kwa kila tukio niliandika picha tatu, ya mbali inayoonyesha mahali, ya kati inayoonyesha mtu, ya karibu inayoonyesha kazi, na kila moja niliishikilia sekunde kumi bila kuitikisa. Kilichonishughulisha zaidi ni sauti.

Mtazamaji huvumilia picha yenye giza, lakini maneno yasiyosikika humwondoa kitini. Nungwi wakati wa kaskazi upepo haupumziki, na maiki ya simu hulipokea kila pigo lake kama ngurumo. Kwa hiyo simu ya pili niliitia katika mfuko wa shati la fundi, maiki yake nikaificha chini ya ukosi na kipande cha sponji juu yake, kisha nikapiga kofi moja mbele ya kamera ili baadaye nipaone mahali sauti na picha zilipokutana. Kabla ya kuondoka kila mahali niliwaomba watu wanyamaze dakika nzima nikarekodi hewa tupu: banda lina mvumo wake, shamba lina wake, ufuko una wake. Ukikata mazungumzo bila kuwa na mvumo huo wa kuziba, kila mkato unasikika kama mlango uliofungwa ghafla.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vya kigeni havikutufundisha, kwa sababu ni la lugha yetu. Tawi lilipopatikana, nilimuuliza fundi alilipata wapi. Akajibu, "Nililiona Donge, nikalikata, nikalileta." Jibu zuri, fupi, tamu. Nyumbani, sauti yangu ilipoondolewa, nikabaki na "li" isiyo na mwenyewe: tawi, gogo, jahazi au tunda? Kiswahili huridhika na kiambishi pale msikilizaji anapolijua jina, na mtazamaji hakulisikia swali langu. Tangu siku hiyo, kabla ya kuwasha, namwomba mtu aanze kwa kukitaja kitu chenyewe. Fundi alirudia: "Tawi lile nililiona Donge." Neno moja likaniokoa.

Usiku nilimrekodi barazani chini ya taa ya umeme, picha ikawa inapepesa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde bila jicho kugundua. Simu nyingi zimewekwa fremu 30 kwa sekunde tangu zinunuliwe, na huo ni mwendo wa nchi za hezi 60. Nikaiweka fremu 25, shata sehemu ya 50 ya sekunde, ili kila fremu ipokee mapigo mawili kamili ya taa. Kupepesa kukakoma.

Kulikuwa na kishawishi kimoja. Fundi hutoboa mbao kwa mashine ya umeme, na jenereta inanguruma uani. Keekee ya marehemu baba yake, ile ya kuzungushwa kwa uta, imening'inia ukutani. Ingependeza mno kama angeishusha atoboe nayo! Lakini Flaherty aliwataka Wainuit wawinde kwa vyusa wakati bunduki walikwisha kuzijua, na doa hilo halijatoka kwenye filamu yake mpaka leo. Kumwomba mtu arudie pigo alilolipiga sasa hivi, hilo nalikubali. Kumwomba arudi katika maisha aliyokwisha kuyaacha ni kumsingizia. Basi mashine ikabaki na kelele zake, na keekee ikaonekana ukutani kwa sekunde nne, haikuguswa.

Kuhariri nilikuanzia kwenye karatasi. Niliyaandika majibu yote, nikayakata kwa mkasi, nikayatandaza mkekani na kuyahamisha hadi hadithi ikasomeka bila picha. Ndipo nikafungua kompyuta. DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kabisa. Mkato wa kwanza ulikuwa dakika 19, wa pili 11, wa mwisho 7. Katika kufupisha niliitoa picha niliyoipenda kuliko zote, mashua imejaza tanga jioni, kwa sababu ingemfanya mtu aulize chombo kile cha nani wakati fundi bado hana taruma. Na pale fundi anapoongea shambani, mlio wa tezo unaanza kabla hatujaiona. Sikio linafika bandani, jicho linafuata.

Wiki mbili baadaye nilirudi Nungwi. Flaherty alikuwa akisafisha filamu zake kulekule na kuwaonyesha Wainuit alichorekodi, nami nilitaka mtu wa kwanza kuiona yangu awe mwenyewe. Tukakaa barazani, simu imeegemezwa kwenye birika, wajukuu mgongoni. Fundi alitazama dakika tano bila neno, kisha akanyoosha kidole.

"Rudisha hapo."

Nikarudisha. Mkono wake ulikuwa unasokomeza pamba ya kalafati kati ya mbao mbili.

"Hapa nakalafati," akasema, "na misumari ya mbao hizi hujanionyesha nikiipigilia. Chombo gani kinakalafatiwa kabla ya misumari?"

Nilizibadilisha nafasi picha mbili zile usiku uleule, nikamletea asubuhi.