Gari la Milimani Hupimwa Polepole

Muuzaji akikupa ufunguo wa Land Cruiser ya safu ya 100, zile zilizouzwa kati ya 1998 na 2007, usikimbilie barabara kuu. Kwenye lami, gari lolote lenye injini nzima litakupendeza. Thamani ya hili imo katika vitu viwili ambavyo dereva wa mjini huenda asiviguse kamwe: gia nzito na kimo.

Anza na gia nzito. Tafuta uwanja wa changarawe, maana difu ya kati ikifungwa juu ya lami kavu, kila kona huzikaza shafti na kuzichosha. Simamisha gari kabisa, weka gia huru, kisha ingiza liva ya transfa kwenye L. Usikie mlio mmoja, mzito na mfupi. Mkwaruzo ni dalili ya meno yaliyolika. Liva iliyoganda, kisha ikalainika ukiirudia, inakuambia kwamba mwenye gari hakuitumia kwa miaka. Hiyo si sababu ya kulikataa gari, ila ni sababu ya kuendelea kuchunguza.

Sasa weka gia ya kwanza, achia breki, usikanyage mafuta. Hapo transfa inapunguza mwendo takriban mara 2.5 na kuongeza nguvu kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo gari litambae bila kushtuka. Lishushe kwenye mteremko mkali, injini yenyewe ilizuie. Likichomoka kwenye L njiani, rudisha ufunguo. Mwisho, fundi achungulie mafuta ya transfa: yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi mpira wa kupumulia umeziba.

Kimo nacho kina siri zake. Land Cruiser zenye kitufe cha kimo hutumia mafuta ya haidroli na vibuyu vya chuma vyenye gesi ya naitrojeni. Injini ikiwa inafanya kazi, shusha gari hadi mwisho, usome alama kwenye chombo cha mafuta hayo. Lipandishe hadi juu, usome tena. Vibuyu vipya hutoa tofauti ya alama 14 hivi. Ikibaki 7 au pungufu, gesi imekwisha, na gari litadunda kama mkokoteni.

Kisha pakia watu nyuma. Mkia uzame, halafu upande wenyewe hadi kimo chake. Usipopanda, usiku taa zako zitamulika matawi, na usukani utakuwa mwepesi kupita kiasi.

Magari mengine yameng'olewa mfumo huu na kufungwa springi na shokomzoba za kawaida. Kwa anayeishi mbali na duka la vipuri, huo ni uamuzi wa busara, mradi kazi imefanywa vizuri, muuzaji ameieleza na bei imeshuka.

Ukishanunua, rudi kwenye changarawe kila mwezi, uingize L, utambae kidogo. Liva isiyoguswa wakati wa kiangazi ndiyo hugoma masika, gari likiwa limezama tope hadi kwenye ekseli.