Tairi la Ndani

Shemeji yangu alinijia nyumbani Same mjini jioni moja ya masika, viatu vyake vikiwa bado na udongo mwekundu wa Mamba, akanitolea swali ambalo yeye mwenyewe alikwisha kulijibu. Alitaka kuuza pikapu yake ya Land Cruiser, yenye tairi moja moja nyuma, aongezee fedha za ng'ombe wawili na mkopo wa chama cha akiba, anunue Canter yenye tairi pacha. "Shemeji, wewe ni mtu wa vitabu," alisema. "Uamuzi ninao. Nipe sababu tu."

Nikampa sababu. Katika kurasa hizi nataka kuzihakiki sababu hizo, kwa kuwa zilikuwa sahihi karibu zote na bado zilitudanganya.

Nilianza na ile hoja ya stendi, ambayo kila mwenye gari la mzigo anaijua: tairi sita ni tairi sita. Nilimwonyesha kwamba ubavuni mwa tairi la gari dogo la mzigo huandikwa namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, kwa mfano 117/116. Ya kwanza ni ya tairi linalofanya kazi peke yake, nayo maana yake ni kilo 1,285. Ya pili ni ya tairi lililofungwa pacha, kilo 1,250. Ukifunga mawili nyuma una kilo 2,570. Ukifunga manne una kilo 5,000. Niliiandika hesabu hiyo nyuma ya bahasha, shemeji akaikunja na kuitia katika mfuko wa shati. Sikusita hata kidogo kumweleza kwa nini namba ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza. Ningesita, labda ningefika mapema zaidi pale nilipofika kwa kuchelewa. Aliyetengeneza tairi anajua kwamba mapacha hawagawani mzigo sawasawa, akapunguza kidogo ahadi yake.

Hoja ya tairi pacha imezaliwa barabara kuu, na huko ina haki zote. Tazama semi tela zinazotoka Dar es Salaam kwenda Arusha, zinapopita Hedaru, Makanya na hapa Same. Kichwa cha semi kina sahani ya chuma nyuma, pini ya tela inaingia humo na kujifunga, na sehemu kubwa ya uzito wa tela inakaa juu ya ekseli za nyuma za kichwa. Wamarekani wanaovuta nyumba za matembezi kwa pikapu zao hubishana jambo hilo hilo: robo ya uzito wa nyumba, au karibu na hapo, inamlalia anayevuta. Anayetaka kuvuta nyumba nzito huambiwa anunue pikapu ya tairi pacha, kwa sababu nyayo zake ni pana na upepo wa ubavuni haumyumbishi ovyo. Sheria nayo iko upande huo. Tangu tarehe 1 Machi 2019 Tanzania inatumia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari: ekseli moja yenye tairi mbili inaruhusiwa tani 8, yenye tairi nne tani 10. Huo si ukarimu. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa madhara ya ekseli kwa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ongeza tani 2 juu ya 8 kwenye ekseli ile ile, na maumivu ya lami yanakuwa karibu mara mbili na nusu. Ndiyo maana anayetaka kuongeza mzigo hulazimishwa kwanza kuongeza tairi.

Lakini tela haipandi Mamba. Haipandi Mbaga wala Chome. Kona za kule hazikuchongwa kwa ajili yake, na mizigo ya mlimani hushuka kwa magari madogo hadi tambarare, kisha huhamishiwa kwenye makubwa. Mimi nilichukua hekima ya lami nikaipandisha mlimani bila kuiuliza kama inajua njia.

Njia ya mlimani ina mifereji miwili iliyochimbwa kwa miaka mingi na Land Rover na Land Cruiser, na upana wa kila mfereji ni upana wa tairi moja. Tairi za mbele za Canter zinaingia humo vizuri. Za nyuma hazienei. Moja inashuka mferejini na mwenzake anapanda ukingoni, na kwa dakika nzima mzigo wa wawili unabebwa na mmoja. Mvua ikinyesha, tairi moja moja huzama katika tope hadi likute ardhi ngumu, lakini pacha, kwa upana wake, huelea juu ya utelezi na kuzunguka bure. Halafu kuna mawe. Jiwe la ukubwa wa ngumi likikwama katikati ya mapacha hutafuna mbavu za yote mawili, na utingo asipolitoa kwa mtaimbo, linaendelea na kazi yake hadi Kisiwani.

Ubaya mkubwa kuliko yote ni kwamba tairi la ndani halionekani. Lile la nje likipata pancha, gari linalalamika na watoto wa njiani wanakupigia kelele. La ndani likiishiwa upepo, mwenzake wa nje linalibeba, gari linasimama wima, dereva anapiga honi na kuendelea. Sifa ile ile inayosemwa stendi, kwamba likifa moja jingine litakufikisha, ndiyo inayoficha kifo cha la kwanza.

Msimu wa pili wa Canter, shemeji alikuwa akishuka na lumbesa za tangawizi. Tairi la ndani la kushoto lilikuwa limekwisha upepo, kwa muda gani hakuna ajuaye. La nje lilibeba yote, likapata moto, likapasuka konani. Gari liliegemea upande wa mlima, si upande wa bonde, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Utingo alikuwa mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 19. Alifanya alivyofundishwa: akaruka chini na gogo lake kwenda kuzuia gurudumu. Gari lilirudi nusu hatua. Nusu hatua hiyo ilipita juu ya mguu wake.

Bahasha yangu ilikuwa bado mfukoni mwa shati la shemeji tulipokutana hospitalini. Hakuitoa, wala hakunilaumu. Nilijua iko pale.

Baadaye nilimwendea dereva mmoja mzee aliyestaafu. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Nilimweleza yote. Hakuuliza kuhusu kilo. Aliuliza, "Asubuhi hiyo waligonga?" Kumbe madereva wa zamani hawakuondoa gari lenye pacha kabla ya kugonga kila tairi kwa kipande cha chuma. Lenye upepo hulia na kukirudisha chuma mkononi, lisilo na upepo hutoa sauti ya gunia. "La nje unaliona," alisema. "La ndani sharti uliulize."

Tarehe 28 Juni 2025, eneo la Sabasaba hapa Same, basi na basi dogo viligongana vikawaka moto, na watu wasiopungua 38 walifariki. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema tairi la basi lilipata pancha na dereva akashindwa kulimudu. Wiki ile shemeji aliniambia, "Unaona? Afadhali pacha." Sikumjibu, maana mji ulikuwa katika msiba. Ningemjibu leo, ningesema kwamba idadi ya tairi haijawahi kumkagulia mtu tairi.

Je, ningemshauri nini kama angerudi na viatu vyake vya udongo? Ningemwambia abaki na tairi moja moja mlimani, abebe nusu, ashuke mara mbili, na pacha zimngoje tambarare. Najua angenijibu nini: dizeli ya safari mbili ni ya nani, na mnunuzi wa tangawizi hangoji. Kwa hilo sina bahasha. Chama cha akiba nacho hakihesabu marejesho kwa kona.

Canter bado ipo, mkopo ulibaki nayo. Mpwa wangu hapandi tena nyuma. Kila alfajiri, kabla ya kupakia, huzunguka gari akichechemea, na chuma mkononi. Huinama chini ya bodi na kuanza na yale ya ndani.