Picha ya diski Kabondo: kurudisha kompyuta bila kununua mega

Ushauri kuhusu kulinda data za kompyuta ya nyumbani siku hizi ni uleule kila uendako: weka kila kitu kwenye wingu, kompyuta ikifa nunua nyingine, ingiza nywila, endelea na kazi. Aliyeutunga ushauri huo anaishi mahali ambapo umeme haukatiki na intaneti haipimwi kwa megabaiti. Katika komini ya Kabondo, mjini Kisangani, mambo si hivyo. Umeme wa mji unategemea bwawa la mto Tshopo, kituo chenye mitambo 3 kilichojengwa miaka ya 1950, wakati mji ulikuwa mdogo sana kuliko ulivyo leo. Intaneti kwa nyumba nyingi ni mega zinazonunuliwa kidogokidogo kwenye simu. Na kompyuta yenyewe aghalabu ni laptopu iliyokwisha kutumika Ulaya, inayoshikwa na watu wote wa nyumbani. Ikipata printa pembeni, inageuka sekretarieti ndogo: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanaleta TFC zao, yaani kazi za kumaliza masomo, zichapwe, majirani wanaleta barua na fomu.

Mashine kama hiyo ikigoma kuwaka, hasara yake si faili tu. TFC ya mwanafunzi huenda ipo pia kwenye flashi yake. Kinachouma ni mpangilio mzima uliojengwa taratibu: Windows ya Kifaransa, draiva za printa, Word iliyokwisha kuwekwa sawa, fonti, kibodi ya AZERTY. Faili la kusimikia Windows 11 peke yake linazidi GB 5, na masasisho yanafuata nyuma yake. Kwa mtu anayelipia kila mega, kuanza upya ni gharama kabla hajachapa hata ukurasa mmoja.

Hapo ndipo picha ya diski, yaani nakala ya diski nzima, inapopata thamani ambayo mahali penye intaneti ya bwerere haionekani sana. Inarudisha mashine nzima kama ilivyokuwa, bila intaneti hata kidogo. Lakini ina kazi yake mahususi, na wengi wanaichanganya na kazi nyingine. Picha inarudisha mashine. Hairudishi kazi ya jana. Anayeelewa tofauti hiyo atapanga vizuri, na anayeichanganya atakuja kulia siku ya kurudisha.

Kinachonakiliwa

Ukikokota mafolda yako kwenda diski ya nje, umenakili hati, lakini hukunakili kompyuta. Diski ya Windows kwenye mashine za miaka ya karibuni ina partisheni kadhaa: ile ndogo ya EFI inayoanzisha mfumo, mara nyingi MB 100, nyingine ya MB 16 isiyoonekana kabisa, C: yenyewe, na ya ukarabati mwishoni. Programu ya picha inachukua zote pamoja na jedwali linaloeleza kila moja inaanzia wapi na kuishia wapi.

Wazo hili lina umri. Murray Haszard aliiandika Ghost huko New Zealand mwaka 1995, Symantec wakainunua 1998, ikasitishwa 2013. Katika zile zilizobaki, inayofaa zaidi mazingira ya Kabondo ni Clonezilla, programu ya bure yenye msimbo wazi iliyotoka Taiwan, katika kituo cha taifa cha kompyuta zenye nguvu kinachoitwa NCHC. Haisimikwi ndani ya Windows, haitaki akaunti, haiulizi intaneti. Unaipakua mara moja, haifiki GB 1, unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo. Asiyependa skrini ya maandishi atumie Rescuezilla, inayoendeshwa kwa kipanya na kusoma picha zilezile za Clonezilla.

Ukifungua folda ambayo Clonezilla imeiacha kwenye diski ya nje, unaona jinsi kazi ilivyogawanywa. Kuna faili dogo linaloitwa *parts*, lenye orodha ya partisheni. Kuna *sda-gpt-1st* na *sda-gpt-2nd*, nakala mbili za jedwali la diski, ya mwanzoni na ya mwishoni. Kisha mafaili makubwa yanayoanza na jina kama *sda3.ntfs-ptcl-img* na kuishia na *aa*, *ab*, *ac*: hiyo ndiyo C: iliyokatwa vipande. Inakatwa kwa sababu baadhi ya diski za nje na flashi bado zina muundo wa FAT32, usiokubali faili moja lifikie GB 4. Faili moja likikosekana katika folda hiyo, picha nzima inaweza kukataa kurudi. Kwa hiyo folda ihamishwe nzima, wala jina la faili lolote ndani yake lisiguswe.

Hesabu ya umeme

Swali la kwanza Kabondo si programu ipi ni nzuri. Ni hili: kazi itaisha kabla umeme haujakatika?

Chukua diski ya GB 500 ambayo imetumika GB 60 tu. Kunakili sekta kwa sekta, pamoja na nafasi tupu, kwa USB 2 inayopitisha takriban MB 30 kwa sekunde, kunachukua saa 4 na nusu na zaidi. Clonezilla haifanyi hivyo. Kifaa chake cha ndani, Partclone, kinasoma kwanza ramani ya NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, inayoonyesha vipande vipi vya diski vina kitu, kisha kinachukua hivyo tu. GB 60 kwa kasi ileile ni kama dakika 33. Zikibanwa zikawa GB 40, ni dakika 22 hivi. Kwa USB 3 na diski nzuri ya nje, muda unashuka zaidi.

Ukilinganisha saa 4 na nusu na nusu saa, umelinganisha kazi isiyowezekana kwa betri ya laptopu kuukuu na kazi inayowezekana. Ndiyo maana diski isafishwe kwanza. Filamu na muziki vihamishiwe nje, kwa sababu vinajaza picha na havibaniki: MP4 na MP3 zimekwisha kubanwa tangu zilipotengenezwa. C: ikiwa nyepesi, picha inaingia katika muda ambao betri inaumudu peke yake.

Betri ijazwe kabla ya kuanza, na kompyuta ya mezani iwe na UPS. Umeme ukikatika wakati wa kupiga picha, diski ya ndani haidhuriki, kwa kuwa inasomwa tu. Futa folda iliyokatikia njiani, anza tena. Ukikatika wakati wa kurudisha, hali ni nyingine: diski ya ndani imekwisha kufutwa na haijajazwa. Picha bado ni nzima, utarudia. Lakini kama picha hiyo haikuwahi kukaguliwa, wakati huo huenda huna chochote mkononi.

Kabla ya kupiga picha

Windows tangu toleo la 8 ina tabia ya kuzima nusu. Ukibonyeza kuzima, inaandika hali ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka, na NTFS inabaki kama mlango uliorudishwa bila komeo. Partclone ikikuta hivyo inakataa, ikieleza kuwa mfumo wa mafaili haukufungwa sawasawa. Tiba yake ni amri moja kwenye dirisha la amri la msimamizi: *powercfg /h off*. Inaondoa tabia hiyo na pia kufuta faili la gigabaiti kadhaa ambalo halikuwa na kazi kwenye picha.

La pili ni BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows. Kompyuta mpya zenye Windows 11 zinaweza kuja na usimbaji ambao mwenyewe hajui kama umewashwa. Partclone haiwezi kusoma ramani ya partisheni iliyosimbwa, kwa hiyo Clonezilla inarudi kwenye njia ya sekta kwa sekta, na hesabu yetu ya nusu saa inakufa. Angalia kwenye mipangilio. Kama umewashwa, uzime na usubiri umalize kufungua.

La tatu ni virusi vya flashi. Kompyuta inayopokea flashi za wanafunzi mchana kutwa hubeba kila aina ya virusi vinavyoficha mafolda na kuacha njia za mkato. Picha haichagui: inachukua mfumo pamoja na ugonjwa wake. Safisha kwanza. Picha bora ni ile ya siku ambayo mashine imetoka kusafishwa na printa inafanya kazi.

AZERTY kwenye skrini nyeusi

Clonezilla ikiwaka inauliza lugha, na Kifaransa kipo. Ukipita haraka ukaacha mpangilio wa kibodi kama ulivyo, inachukulia una kibodi ya Kimarekani. Unaandika *kabondo* kama jina la picha, skrini inaonyesha *kqbondo*. Herufi *m* inakuwa nukta-mkato. Kwa jina la folda ni kero tu, lakini kwa nywila ni ukuta. Chagua kibodi ya Kifaransa mwanzoni. Bahati nzuri *y*, herufi inayothibitisha hatua kubwa, iko mahali pamoja kwenye kibodi zote mbili.

Hatua zenyewe si nyingi: device-image, diski ya nje itakayopokea, savedisk, jina, diski ya chanzo. Mwishoni inauliza kama ikague picha. Jibu ni ndiyo, hata kama muda utakaribia mara mbili. Ukaguzi huo unapitia kila kipande kuona kama kinasomeka. Hauhakikishi kwamba laptopu itawaka, ila bila ukaguzi huo hujui hata kama mafaili yenyewe ni mazima.

Siku ya kurudisha

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu wana haraka. Kurudisha kunafuta diski lengwa yote. Kabla ya kugusa chochote, kama diski ya zamani bado inasomeka, washa kompyuta kwa flashi ya Linux na utoe faili zote zilizoongezeka tangu picha ilipopigwa. Kama diski inagonga au inasoma kwa kusuasua, usiilazimishe. Nakili yale muhimu kwanza, moja moja.

Clonezilla inaziita diski *sda*, *sdb*, au *nvme0n1*, na herufi hizo zinaweza kubadilika kulingana na kilichochomekwa. Usichague kwa herufi. Soma aina na ukubwa wa diski ulioandikwa pembeni. Ukikosea ukachagua diski nyingine, umefuta yote yaliyomo ndani yake.

Diski mpya iwe na ukubwa sawa na ya zamani au zaidi. Wengi hubadilisha diski kuu ya GB 500 kwa SSD ya GB 240 ili laptopu iwe nyepesi, kisha wanashangaa picha yenye GB 60 inakataliwa. Clonezilla haiangalii kiasi ulichotumia tu, inaangalia mipaka ya partisheni. Ipunguze C: ndani ya Windows kabla ya kupiga picha, na hata hivyo jedwali la diski litahitaji mkono wa fundi.

Mashine ikiwa nyingine kabisa, Windows 10 na 11 mara nyingi zinajitafutia draiva, lakini mambo matatu yanaweza kukwamisha. Picha ya Windows inayowaka kwa UEFI, njia mpya ya kuwasha, haiwaki kwenye mashine iliyowekwa Legacy, njia ya zamani. Mpangilio wa diski wa AHCI ukikutana na RAID, Windows inaweza kuonyesha skrini ya buluu ikilalamika kwamba haioni diski ya kuanzia. Na leseni ya Windows mara nyingi imefungwa kwenye ubao mama wa zamani.

Kazi mbili, ratiba mbili

Kutokana na haya, ratiba inajipanga yenyewe. Picha ya mfumo ipigwe mpangilio unapobadilika: umesafisha virusi, umeweka printa mpya, Windows imepata sasisho kubwa. Kwa nyumba nyingi mara chache kwa mwaka zinatosha. Weka picha mbili za mwisho, usiweke moja, maana kasoro nyingine hugunduliwa baada ya picha mpya kupigwa. TFC, barua na picha za familia zina ratiba nyingine, ya kila jioni yenye kazi: nakala moja kwenye flashi, nyingine kwenye diski ya nje.

Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, vyombo viwili tofauti, moja ikae mbali na nyumbani. Mji ulioona vita vya siku 6 vya Juni 2000 hauhitaji kuelezwa kwa nini nakala zote zisilale chini ya paa moja. Kwa mtu wa Kabondo, mbali inaweza kuwa kwa dada aliyeko Mangobo au kwa mjomba ng'ambo ya mto, Lubunga. Diski ya nje ikimaliza kazi ichomolewe. Inayobaki imechomekwa inakumbwa na radi ileile, na kirusi kilekile, kinachoingia kwenye kompyuta.

Kabla ya yote hayo, tafuta diski kuukuu isiyo na kazi, yenye ukubwa wa kutosha, na urudishe picha juu yake. Ifunge ndani ya laptopu mahali pa diski yake, subiri Windows ifunguke, chapisha ukurasa mmoja. Printa ikiutoa, picha yako imethibitika. Isipoutoa, umejua mapema, na mfumo wako wa kweli bado uko salama kwenye diski yake.