Kinubi cha Waganda Mbele ya Kusanyiko

Ennanga ni kinubi cha nyuzi 8, chenye shingo iliyopindika na ngozi iliyowambwa juu ya mwili wa mti. Zamani kilipigwa mbele ya Kabaka, wasikilizaji wakiwa karibu. Ndiyo maana mpigaji apandishwaye jukwaa kubwa yumo taabuni. Mikono yake miwili hupokezana uzi kwa uzi, kila mmoja ukijaza nafasi ya mwenziwe, naye papo hapo huimba habari ndefu isiyofuata nyuzi sawasawa. Mkono mmoja ukisita, wimbo wote huvurugika.

Tena ziko pete zenye ngozi ya mjusi, zilizowekwa karibu na nyuzi ili sauti ivume. Mgeni huudhani uvumi huo kuwa kasoro. Sisi twauona kuwa ladha yenyewe, na fundi wa vipaza sauti auondoaye amekiharibu kinubi.

Jumba la Mengo liliposhambuliwa mwaka 1966, na ufalme kufutwa mwaka 1967, wapigaji walitawanyika. Ufalme ulirudishwa mwaka 1993, lakini masikio yaliyozoea mafumbo ya nyimbo hizi hayarudishwi kwa sheria. Kusanyiko lisilojua Kiganda (nasi tumeketi katika makusanyiko hayo) hushangilia wepesi wa vidole, na mwimbaji, akiliona hilo, huyafupisha maneno.