Roho na Andiko: Agustino Afundisha Walinzi wa Kanisa

Wengi wetu twamjua Mtakatifu Agustino kwa kitabu chake cha Maungamo. Kitabu chake kidogo kiitwacho kwa Kilatini De spiritu et littera, yaani «Juu ya Roho na Andiko», hakifunguliwi sana. Ni hasara, kwani chajibu swali la kila mchungaji: tuilinde imani ya waamini namna gani, bila kuwafunga kwa kamba za sheria?

Agustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alikiandika mwaka 412 kwa ajili ya Marcellinus, mkubwa wa serikali ya Roma. Wakati ule mafundisho ya Pelagius, mtawa kutoka Britania, yalikuwa yameingia Afrika. Mwaka 411 mfuasi wake Caelestius alikuwa amekwisha hukumiwa kule Carthage. Walifundisha hivi: Mungu alimpa mtu hiari, akampa na sheria, basi mtu akitaka kweli, nguvu zake zatosha kumfikisha kwenye utakatifu.

Tusimcheke Pelagius upesi. Hakufundisha ulegevu. Alichukizwa na wakristu wa Roma waliobatizwa huku wakiishi kama wapagani. Ndiyo maana kitabu hiki ni kikubwa: Agustino hapigani na uzushi kwa kuongeza amri. Aonyesha kwamba uzushi huu wenyewe umezaliwa na kuitegemea amri. Maneno ya Paulo kwa Wakorinto juu ya andiko lenye kuua yaweza kuelezwa kama onyo la kutosoma mifano ya Biblia neno kwa neno. Agustino aenda mbali zaidi: hata amri safi kabisa, kama ile ya kutotamani, huua asipokuwapo Roho wa kumsaidia mtu kuitimiza. Sheria yaonyesha ugonjwa, haileti dawa.

Sehemu nzuri kupita zote ni ile inayolinganisha Sinai na Pentekoste. Kule, siku hamsini baada ya Pasaka, kidole cha Mungu kiliandika juu ya mawe, na watu walikatazwa kukaribia. Huku, siku hamsini baada ya Pasaka, Roho aliwashukia waliokusanyika pamoja, akaandika mapendo ndani ya mioyo. Sheria haikufutwa. Ila mwenye hofu huishika kwa kuogopa adhabu, na mwenye neema huishika kwa kuipenda haki.

Kitabu kina upungufu wake. Mwanzoni chakawia juu ya swali kama mtu aweza kuishi bila dhambi yoyote, na katekista aweza kuchoka kabla ya kufika penye utamu. Tena uchungu wa Pelagius juu ya ulegevu wa wakristu haukupewa nafasi ya kutosha. Mlinzi mwema husikiliza kwanza jambo jema analolitafuta mwenye kukosea.

Hata hivyo fundisho latuhusu. Mtaguso wa Carthage ulilihukumu kosa hilo mwaka 418. Mtaguso wa Trento ulilikataa tena mwaka 1547. Na marehemu Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume Gaudete et exsultate wa mwaka 2018, alionya kwamba lingali hai. Kwetu pia li hai. Twawaonya waamini juu ya wahubiri wanaosema: funga siku kadhaa, toa sadaka, naye Mungu atakuwa na deni kwako. Vema. Lakini mkatekumeni anayejua amri zote kwa moyo, wala hakufundishwa kuomba neema ya kuzishika, amesikia nini tofauti? Yule auziwa muujiza. Huyu auziwa utakatifu kwa bei ya jasho lake. Siku atakapoanguka atakata tamaa, au atajifunza kuficha.

Basi tufundishe amri zote kumi bila kupunguza hata moja, na kila somo la amri limalizike kwa sala ya kuomba nguvu ya kuitenda. Mseminari anayejitayarisha kwa kazi hiyo asome kitabu hiki pamoja na Barua kwa Warumi, polepole, kalamu mkononi.