Mkono wa Fundi Husomwa kwenye Bolti

Mtu wa Molo hanunui pikapu kwa ajili ya urembo. Anataka ya kubeba viazi, maziwa, kondoo na kuni. Ya kushuka nayo Elburgon na Njoro. Na mvua ikinyesha, ya kupanda barabara ya Olenguruone bila kumlaza njiani. Nyingi ya hizo zimeshapita mikono minne mitano. Kiwango cha Kenya cha KS 1515 kinazuia kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane, lakini hakizigusi zilizokwisha kuwa hapa. Ndiyo maana Hilux, Isuzu na Nissan za zamani bado zimejaa sokoni, na hapa na pale Peugeot 504 inakohoa asubuhi, jamii ya ile aliyoshinda nayo Ove Andersson kwenye Safari Rally ya mwaka 1975.

Uimara wa kiwandani peke yake haungezifikisha umri huo. Zimefika kwa matengenezo, na matengenezo yana daraja zake. Anayenunua pikapu kuukuu na anayejitengenezea yake nyumbani wanakabiliwa na swali moja: kazi nzuri inajulikanaje? Wengi hutafuta kilicho kipya, yaani rangi mpya, tairi mpya, viti vilivyoshonwa juzi. Mimi hutafuta alama ambazo mkono uliopita umeacha. Kipuri kipya hununuliwa na yeyote mwenye pesa. Mkono mzuri haununuliwi dukani.

Anza na vichwa vya bolti. Pikapu za Kijapani hufunguliwa kwa spana namba 10, 12, 14 na 17. Bolti yenye unene wa milimita 8, kule Japani hupewa kichwa cha 12. Ulaya hupewa cha 13. Kwa hivyo 13 ni spana ya Peugeot. Ukiikuta inaingia sawasawa kwenye injini ya Hilux, jua bolti ya asili ilikatika au ilipotea, na aliyefunga alichukua iliyokuwa karibu. Moja haivunji biashara. Zikiwa tano, tena za urefu tofauti kwenye kava moja, umeshajua tabia ya aliyekutangulia.

Kisha tazama kingo. Kichwa kilichoviringika kimekutana na spana malaya, ile inayoikubali kila nati na kuiharibu kila nati. Kichwa chenye majeraha upande mmoja kimepigwa patasi na nyundo. Penye alama hizo pana uwezekano mkubwa kwamba kazi ya ndani ilifanywa kwa haraka ile ile, na ndani huwezi kuchungulia. Mafundi makini huonekana pia kwa kitu kidogo sana: nukta ya rangi kwenye kila nati waliyomaliza kukaza. Ukiona nukta hizo kwenye yubolti za springi au kwenye giaboksi, uliza jina la fundi kabla hujauliza bei ya gari.

Silikoni nayo inasema mengi. Katika kazi safi huonekana kama uzi mwembamba kwenye maungio, au haionekani kabisa kwa sababu gasketi halisi imewekwa. Ikiwa imefura nje kama ugali uliochemka ukamwagika, basi kiasi kile kile kimesukumwa ndani. Vipande vyake hubanduka, vikasafiri na oili hadi kwenye chujio la pampu, na injini inakosa oili huku kijiti cha kupimia kikionyesha kwamba imejaa.

Injini iliyooshwa ikang'aa isikupumbaze. Mimi huiamini zaidi yenye vumbi kavu. Vumbi kavu ni ushahidi wa miezi kadhaa. Mng'ao ni ushahidi wa asubuhi ya leo. Kama imeoshwa, izungushe mjini nusu saa, uizime, kisha upite na tochi. Oili hutiririka chini na kurushwa nyuma na upepo, kwa hivyo panapodondoka si panapovuja. Fuata unyevu kwenda juu mpaka upate mahali pa juu kabisa palipolowa. Pale ndipo penye ugonjwa.

Hapo sasa Molo yenyewe inaingia katika hukumu. Mji uko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na dalili nyingi ambazo fundi wa Mombasa angezisoma hivi, hapa husomwa vile. Moshi, kwa mfano. Moshi mweupe asubuhi ya baridi, ukikoma ndani ya dakika chache, ni dizeli tu ambayo haijaungua vizuri, na pengine hita plagi moja au mbili zimechoka. Hiyo ni kazi ya nyumbani. Moshi mweupe unaoendelea injini ikiwa moto, wenye harufu tamutamu, huku redieta ikipungua maji, ni jambo jingine: maji yanaingia mahali pa kuungulia. Moshi wa bluu ni oili, huko pwani na huku milimani. Na moshi mweusi usimhukumie mtu upesi. Hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban robo kuliko ya pwani, kwa hivyo dizeli isiyo na tabo inapopanda Mau Summit na mzigo hukosa hewa ya kutosha kuunguza mafuta inayopewa. Itoe weusi kidogo mlimani. Ikiutoa imesimama bila mzigo, hapo una haki ya kuuliza kuhusu nozeli na filta ya hewa.

Kuna pia ile krimu ya rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili. Wanunuzi hukimbia wakiiona, wakidhani gasketi ya hedi imekwisha. Katika baridi ya huku, gari linalofanya safari fupi za shambani hadi mjini halipati moto wa kukausha mvuke, na mvuke huganda pale juu. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ya kwenye kijiti ikiwa safi, nunua kwa amani. Ikiwa nayo imegeuka maziwa, rudi nyumbani.

Na kifuniko cha redieta, kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapa, ndicho kinachopuuzwa zaidi. Kwa urefu huu wa mlima, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100. Themostati nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 au zaidi, kwa hivyo nafasi iliyobaki ni finyu. Kinachoipanua ni shinikizo ambalo kifuniko hulishikilia, kwa kawaida karibu baa moja. Raba yake ikipasuka, au springi ikilegea, gari zima litachemka na mwenye gari ataanza kubadilisha pampu ya maji, themostati, hata redieta. Kibonyeze kwa kidole gumba: springi iwe na ukinzani, raba iwe laini bila ufa. Kisha utazame maji yenyewe. Yakiwa ya kahawia kama chai ya rangi, mwenye gari alikuwa akijaza maji ya mtoni miaka yote, na kutu imeshaanza kula ndani.

Breki ndipo nisipokubali mzaha, na jiografia inanipa haki. Kutoka Molo hadi Nakuru unashuka zaidi ya mita 600, na ukipitia barabara kuu unateremka Salgaa, mahali ambapo kila mkazi wa Rift Valley anajua habari za ajali zake. Anza nyuma, kwenye mzigo. Kanuni za mwaka 2019 zinataka gunia la viazi liwe la kilo 50, kwa hivyo pikapu ya tani moja inabeba gunia 20, na hapo dereva bado hajaketi. Sote tunajua zinabebwa ngapi. Ndiyo maana mafundi wa jua kali huongeza majani ya springi. Hesabu majani, kulia kwanza kisha kushoto. Idadi isipolingana, gari limekuwa likiinama. Jani la kuongezwa hujulikana kwa ncha iliyokatwa kwa moto. Nati za yubolti ziache nyuzi zilizo sawa pande zote mbili, la sivyo moja imekazwa na nyingine imesahaulika.

Sasa jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulipita. Hilux nyingi zina valvu ya breki inayopima mzigo, iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo nyembamba. Sehemu ya nyuma ikishuka kwa uzito, fimbo inasukuma valvu, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Ukiongeza majani ya springi, sehemu ya nyuma inabaki juu hata ikiwa na tani nzima. Valvu inadhani pikapu ni tupu na inazinyima breki za nyuma nguvu yake, hapo hapo Salgaa. Lala chini uitafute fimbo hiyo. Ikiwa imefungwa kwa waya, imekatwa, au imeachwa bila kurekebishwa baada ya springi kuongezwa, punguza bei na uifanye kazi ya kwanza utakapofika nyumbani.

Fungua ngoma za nyuma. Breki shu za kushoto na kulia ziwe zimelika sawa. Nyanyua ukingo wa raba ya silinda kwa bisibisi ndogo: ndani pawe pakavu, maana unyevu ni silinda inayokufa. Fuata paipu kwa vidole kutoka mbele hadi nyuma. Wapo wanaokunja paipu ya gurudumu linalovuja na kuipiga nyundo ili gari liende leo, na gari hubaki na breki tatu miaka miwili. Halafu mafuta ya breki: yakiwa meusi, yamezeeka na yamenyonya maji. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205. Ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi 140. Ikichemka katikati ya mteremko, pedali huenda sakafuni. Kuyabadilisha na kutoa hewa ni kazi ya watu wawili, chupa, mpira mwembamba na alasiri moja.

Kwenye vipuri sitakaa sana. Iwe Kirinyaga Road Nairobi au duka la Nakuru, utaulizwa kama unataka orijino, ya kawaida au eks-Japani. Rai yangu: eks-Japani ni nzuri kwa giaboksi, difu, alternata na stata, yaani vyuma. Kila chenye raba au cha kusuguana, kama mkanda wa taimingi, breki shu, oilsili na paipu za maji, kiwe kipya. Kwa Hilux za injini ya 2L na jamaa zake, mkanda ukikatika valvu na pistoni hugongana, kwa hivyo usikubali neno la mdomo kwamba ulibadilishwa. Taka kuuona au uubadilishe. Filta ya oili ishike mkononi: iwe nzito, nyuzi zake zisiwe na makombo ya chuma, na raba ya ndani inayozuia oili kurudi ibonyee ukiigusa kupitia matundu. Ile ya zamani usiitupe. Ipasue, ukunjue karatasi yake juani. Weusi ni kawaida. Ikimetameta kama imenyunyiziwa rangi ya dhahabu, beringi za injini zinalika, na hakuna muuzaji atakayekuambia ukweli kuliko karatasi hiyo.

Kazi yako mwenyewe ihukumu kwa macho hayo hayo, bila huruma ya umiliki. Kabla ya kufungua, osha pale mahali na upige picha kwa simu. Toboa matundu kwenye katoni kwa mpangilio wa kava, kila bolti ikae kwenye tundu lake. Za urefu tofauti zikibadilishana nafasi, fupi itachomoka na nyuzi, ndefu itapasua nyumba ya chuma. Kaza hedi na kepu za beringi kwa toki renchi, hata kama ni ya kuazima. Mtalimbo mrefu humpa mtu raha ya nguvu zake, na bolti nyingi zilizokatika ni zao la raha hiyo. Baada ya safari ya kwanza na mzigo, rudia nati za magurudumu na yubolti. Usiku tandaza katoni safi chini ya injini, na asubuhi uisome kabla ya kunywa chai.

Iko kazi moja ambayo hata mwenye mkono mzuri huiacha, nayo ni pampu ya injekta. Ing'oe mwenyewe ukiweza, lakini isifunguliwe na asiye na mashine ya kuipimia.

Na usiingie chini ya gari kwa jeki peke yake. Zuia magurudumu kwa mawe, weka stendi mbili chini ya chasisi, na kila stendi ikae juu ya ubao mpana. Udongo wa Molo ukilowa, chuma huzama.